Mali Bila Daftari: Viongozi wa Wazazi Wafunzwe Kazi

Kikao cha wazazi kimekuwa na ladha chungu midomoni mwa wengi. Mtoto akirudi nyumbani na karatasi ya mwaliko, mama huitazama na jambo la kwanza analouliza ni: safari hii wanataka shilingi ngapi? Baba mwenye fedha hutoa udhuru wa kazi. Asiye nazo hubaki nyumbani kwa kuona haya, akichelea jina lake lisije likasomwa mbele za watu katika orodha ya wadaiwa. Siku ya kikao huja wachache, nao ni wale wale wa kila mwaka, na wachache hao huamua mambo ya watoto wa wote.

Ndugu wazazi, leo nimependa tuzungumze juu ya umoja wa wazazi na walimu, na hasa juu ya wenzetu tunaowachagua kuuongoza kwa kujitolea, bila malipo. Tumezoea kumchagua mwenyekiti, katibu na mtunza fedha kwa kunyoosha mikono, tukapiga makofi, tukaenda zetu. Seremala hujifunza kwa muda mrefu kabla ya kuachiwa randa na mbao za watu. Lakini kiongozi wa wazazi hukabidhiwa fedha na imani ya kaya nyingi siku hiyo hiyo aliyochaguliwa, wala hakuna anayemwonyesha aanzie wapi. Umoja wa namna hiyo hufa, na aghalabu hufa kwa ujinga wa kazi kabla haujauawa na wizi. Dawa yake ni kuwafunza viongozi hao, na mafunzo hayo yanawezekana katika kila shule kwa siku chache na kwa gharama ndogo.

Kazi ya wazazi katika shule zetu si ngeni. Mwaka 1955 kiliundwa chama cha wazazi wa Tanganyika, TAPA, kilichofungua shule mahali pengi ambapo huduma ya serikali ya kikoloni haikutosha. Nacho ndicho asili ya Jumuiya ya Wazazi iliyomo leo ndani ya Chama cha Mapinduzi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, vijiji vilifyatua matofali na kujenga madarasa kwa kazi za kujitolea. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ikaweka kamati katika shule za msingi, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, ukazipa kamati hizo kazi ya kusimamia fedha na ujenzi.

Kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa, na serikali ikawa inapeleka ruzuku moja kwa moja katika akaunti za shule. Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango, na akakataza mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Wazazi wengi walifurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Hata hivyo baadhi yetu tulielewa kwamba shule sasa ni ya serikali peke yake. Tulikuwa tumezoea kuitwa kwa ajili ya fedha. Fedha zilipokoma kudaiwa, tukaona hatuna tena la kufuata huko. Mtoto akakosa mtu wa kuuliza kama anajua kusoma.

Yafaa hapa tutofautishe vyombo viwili. Kamati ya shule ni chombo cha kisheria chenye wajumbe wachache. Umoja wa wazazi na walimu ni wetu sote, na hustawi zaidi unapopangwa darasa kwa darasa. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza kati ya mwaka 2014 na 2020, uliusambaza umoja huo katika mikoa kadhaa, ikiwamo Dodoma, Kigoma, Tabora, Shinyanga, Simiyu, Lindi na Mara, kwa kuwaweka wawakilishi wa wazazi wa kila darasa pamoja na walimu. Majirani zetu wa Kenya wameliandika jambo hilo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013: kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama, na kamati ya utendaji ina wawakilishi wa kila darasa.

Hekima ya utaratibu huo ni nyepesi kuiona. Katika mkutano wa wazazi mia sita, mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni hatasimama kusema. Katika kikao cha wazazi arobaini wa darasa la pili, pamoja na mwalimu wa darasa hilo, atasema, kwa maana wote walio mbele yake wana watoto wa umri mmoja na taabu moja.

Sasa tuje kwenye mafunzo yenyewe. Mimi naona yapo masomo manne ambayo kila kiongozi mpya wa wazazi apaswa kuyapata kabla ya kufungua kikao chake cha kwanza.

Somo la kwanza ni kuendesha kikao. Mwaliko utoke mapema, utaje saa, mahali na mambo yatakayozungumzwa. Saa yenyewe iwafae wenye kazi na wakulima. Kuita kikao asubuhi ya msimu wa kupalilia ni kuwafungia mlango wengi, hasa akina mama. Mwenyekiti asiwe wa kwanza kutoa maoni, kwa sababu akisema yeye kwanza wengine watamfuata kwa heshima tu. Awape nafasi wanyamavu, awazuie kwa upole wasemaji sana. Katibu aandike muhtasari, na kila azimio liwe na mambo matatu: nini kitafanyika, nani atakifanya, na lini kitakuwa tayari. Azimio lisemalo "wazazi wahimizwe juu ya mahudhurio" halina mwenyewe. Lakini likiandikwa kwamba wawakilishi wawili waliotajwa watazitembelea nyumba za watoto watano watoro kabla ya Ijumaa ya pili, kikao kijacho kina la kuuliza. Kila kikao kianze kwa kusoma maazimio ya kikao kilichopita na kutoa hesabu ya yaliyotimizwa.

Somo la pili ni fedha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtunza fedha afunzwe kuandika stakabadhi kwa kila shilingi iingiayo na kudai hati kwa kila shilingi itokayo. Fedha zisilale nyumbani kwa mtu, hata awe mcha Mungu wa namna gani. Ziwekwe benki, na utoaji wake uwe kwa saini za watu zaidi ya mmoja. Mchango wa hiari nao ufuate utaratibu uliowekwa na serikali, usipitie mfukoni mwa mwalimu. Hesabu zisomwe kikaoni na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, zikiandikwa kwa namna ambayo bibi anayelea wajukuu aweza kuielewa.

Kuna hesabu ambazo kila kiongozi apaswa kuzijua kwa moyo. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika utaratibu ulioanza mwaka 2016 shilingi 6,000 ziliwekwa ziende shuleni na 4,000 zibaki kwa ajili ya vitabu. Tuchukue mfano wa shule yenye watoto 600. Shilingi 6,000 mara 600 ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Mzazi akiijua hesabu hiyo hatamshuku mwalimu mkuu kwamba amekalia mamilioni, na mwalimu mkuu naye atajua kwamba yupo anayehesabu. Kila mmoja amelindwa.

Hesabu hiyo hiyo huweza kuleta uji shuleni. Mwongozo wa taifa wa chakula na lishe shuleni unawahesabu wazazi na jamii kuwa nguzo ya huduma hiyo. Mwenyekiti asiyefunzwa atasimama na kusema, "Tunahitaji tani za unga," na watu wataguna. Mwenyekiti aliyefunzwa atapiga hesabu mbele yao. Tuseme kila mtoto anatengewa gramu 50 za unga kwa siku; watoto 600 watatumia kilo 30. Kwa siku 190 za masomo, hizo ni kilo 5,700. Gawanya kwa watoto 600, utapata kilo tisa na nusu kwa mtoto, kiasi kisichozidi sana nusu debe la mahindi kwa mwaka mzima. Bado kuna kuni, sukari, kusagisha na ujira wa mpishi, nayo yote yahesabiwe vivyo hivyo. Neno "tani" liliwatisha wazazi; nusu debe wanaijua, na wengi watasema baada ya mavuno tutaileta. Kwa yule asiye na shamba wala kipato, kikao kiamue mapema na kwa siri ya heshima nani atambebea, ili mtoto wake anywe uji pamoja na wenzake na jina lake lisitajwe.

Somo la tatu ni kusema na walimu. Baadhi ya viongozi wa wazazi, wakishapewa cheo, hujigeuza wakaguzi. Huingia darasani bila hodi na kumfokea mwalimu mbele ya watoto. Wengine huwa matarishi wa mwalimu mkuu, kazi yao kutangaza tu aliyoyaamua. Wote wawili wameipotosha kazi. Umoja haufundishi somo, hauhamishi mwalimu, wala haujadili mambo yake ya nyumbani. Malalamiko juu ya mwalimu yapelekwe kwanza kwa mwalimu mkuu, faraghani, yakiwa na siku na tukio, si uvumi. Yasipotatuliwa yapande kwenye kamati na kwa afisa elimu wa kata. Lakini jambo la kumdhuru mtoto, kama kipigo cha kupita kiasi au kumwingilia binti, si la kusuluhishwa kwa soda na mbuzi. Hilo lipelekwe mara moja kwenye vyombo vya sheria, na kiongozi anayelificha ni mshiriki wake.

Mwalimu naye ana haja zake. Yupo mwenye watoto tisini katika chumba kimoja, na yupo aliyepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya kupanga. Kiongozi aliyefunzwa humwuliza mwalimu, "Wazazi tukusaidie nini nyumbani ili kazi yako ya darasani iende?" Jibu aghalabu halina gharama: mtoto alale mapema, aje na daftari, asomewe au asome dakika chache kila jioni, asizuiliwe nyumbani siku ya mnada au gulio.

Somo la nne ni kupokezana. Umoja mwingi hutegemea mtu mmoja hodari. Akihama au akichoka, kila kitu huondoka naye, pamoja na daftari. Kila kiongozi na awe na msaidizi anayejifunza kwa kumtazama. Muda wa uongozi uwekewe kikomo, na siku ya kuondoka kuwe na makabidhiano ya maandishi: daftari la fedha, vitabu vya stakabadhi, mihtasari, funguo, na orodha ya kazi zisizokwisha. Na kwa kuwa hawa hawalipwi, kazi zigawanywe zikawa ndogo ndogo. Mtu akiombwa saa mbili kwa mwezi atazitoa. Akitwishwa shule nzima atakimbia. Shukrani mbele ya mkutano haigharimu kitu, na wengi hujitolea miaka bila kuisikia.

Mtu aweza kuuliza: nani atafundisha hayo yote? Tazameni mlipo. Yupo mwalimu mstaafu. Yupo aliyekuwa karani wa chama cha ushirika, ambaye ameandika vitabu vya fedha tangu ujana wake. Yupo mama aliyeongoza kikundi cha kukopeshana, asiyepoteza hata shilingi mia. Afisa elimu wa kata aweza kuja kueleza sheria na nyaraka za serikali. Jumamosi mbili katika darasa la shule yenyewe zatosha kuanzia, kila somo likifanywa kwa vitendo: waendeshe kikao cha kujaribia, waandike muhtasari, wajaze stakabadhi, wapige hesabu ya uji. Baada ya miezi mitatu wakutane tena waelezane yaliyowashinda.

Chama kimetufunza siku nyingi kwamba cheo ni dhamana. Dhamana hii ni nzito kuliko nyingi, kwa sababu kinachowekwa ndani yake ni mtoto aliye darasa la tatu mwaka huu, ambaye hatarudi tena kuwa wa darasa la tatu tukichelewa. Shule itakapowaita tena kuchagua viongozi, nendeni. Na kabla ya kunyoosha mkono, mmoja wenu asimame aulize: hawa tunaowachagua leo watafunzwa kazi siku gani, na nani? Tarehe hiyo iandikwe katika muhtasari wa kikao kabla watu hawajatawanyika.