Kunyoosha Maelezo Nako ni Ufundi

Vijana wenzetu wa Gahanga na wa kambini, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma: leo tunaongelea sheli. Siyo ile ya kuweka mafuta! Tunasema ile ya kwenye kompyuta, dirisha jeusi ambalo unaandika amri na mashine inatii.

Kuna maneno yanazunguka kati yetu. Ati anayeandika programu mpya ndiye fundi, anayerekebisha kasoro ni msaidizi, na anayenyoosha maelezo ni karani tu. Sisi tunayakataa, na sababu tunazo.

Tazameni Bash, sheli inayotumika sana kwenye Linux. Brian Fox aliiandika 1989 kwa ajili ya mradi wa GNU. Baadaye Chet Ramey akaichukua, na ameitunza zaidi ya miaka 30 kwa kujitolea. Septemba 2014 Stéphane Chazelas akagundua humo kasoro iliyokuja kuitwa Shellshock: mtu aliye mbali aliweza kupenyeza amri zake, na seva ya mwingine ikazitekeleza. Kasoro hiyo ilikuwemo tangu 1989. Miaka 25! Na dawa ya kwanza haikutosha, ikabidi nyingine zifuate baada ya siku chache. Basi tuulize: waandishi wa mapya walikuwa wengi, lakini nani alikuwa anasoma ya zamani?

Sasa tuje kwenye maelezo. Una faili inaitwa "cheti cha Mahama.pdf". Unaandika cp $faili nakala/ na cp inalalamika kwamba haioni "cheti", haioni "cha", haioni "Mahama.pdf". Kwa nini? Kwa sababu sheli inakata maneno kila penye nafasi. Ukiandika "$faili" ndani ya alama za kunukuu, jina linabaki zima. Mstari mmoja tu, umeelewa. Lakini mwongozo rasmi unaeleza jambo hilo kwa Kiingereza kizito, na anayeanza anajiona mjinga. Siyo mjinga. Maelezo ndiyo yamemwacha njiani.

Na msidhani ni mambo madogo. Januari 2015 ilijulikana kwamba skripti ya Steam kwenye Linux ilikuwa na amri ya kufuta yote yaliyo ndani ya folda fulani. Jina la folda likiwa tupu, amri ile inageuka kufuta kuanzia mzizi wa mashine. Watu walipoteza faili zao. Kinga yake ilikuwa fupi tu: kagua kwanza kama jina lina kitu ndani.

Wengine watasema Kiswahili hakiwezi mambo haya. Mbona mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini inayoongea Kiswahili? Lugha iko. Mikono ndiyo haijatosha.

Ninyi wa mashirika, tunawaambia kwa heshima. Mnakuja na mafunzo ya wiki mbili, mnapiga picha, mnagawa vyeti, mnahesabu vichwa. Shirika moja lilitupa karatasi za mazoezi zenye amri ambazo hazikufanya kazi. Tulipouliza, tukaambiwa hatukusikiliza vizuri. Hapana! Karatasi yenye kosa irekebishwe, na aliyeona kosa aandikwe jina. Mhesabu kasoro zilizozibwa, siyo vyeti vilivyochapwa.

Tunajua swali linalokuja: mkimbizi afanye kazi ya bure kwa dunia nzima? Swali ni la haki. Tumbo tupu halizibi kasoro. Ndiyo maana tunadai mega, umeme na posho kwa kazi hii, kama mnavyowalipa wakufunzi. Lakini sisi pia tuone faida yake. Marekebisho yakipokelewa, yanaingia kwenye kumbukumbu ya mradi pamoja na jina lako na tarehe. Cheti kinaweza kulowa mvua au kupotea siku ya kuhama. Kumbukumbu ile mwajiri ataisoma ukiwa Kigali, Nairobi au popote utakapopelekwa.

Tuanze na kidogo. Ukijifunza amri moja, iandikie maelezo kwa Kiswahili cha nyumbani, pamoja na mfano uliojaribu mwenyewe. Ukikwama, andika ulikwama wapi, uliandika nini na mashine ilijibu nini. Pale ulipokwama ndipo maelezo yana tundu, na anayetunza programu hawezi kuliona, kwa sababu yeye njia anaijua kwa moyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzetu, nyufa ziko nyingi. Tuzizibe, na tulipwe kama mafundi.