Sumu Ni Nini?

Kuna neno moja linalotajwa sana katika nyumba zetu, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, na katika vijiji vya pwani mpaka Makobola na Baraka. Neno lenyewe ni sumu. Mtu akikonda, watu husema, "Amelishwa sumu." Akikohoa miezi miwili, "Ni sumu." Kijana akifa, mazishi hayajakwisha, na jina la adui limekwisha kutajwa. Lakini neno hilohilo halitajwi mahali linapotakiwa zaidi. Sisi twaona hivi: watu wameliondoa neno sumu juu ya vitu vilivyo sumu kweli, wakalibandika juu ya magonjwa yasiyo sumu. Na kwa sababu hiyo wengine wanakufa bure.

Basi, sumu ni nini? Neno lenyewe lilitoka katika Kiarabu, kama neno dawa. Sumu ni kitu ambacho kikiingia mwilini, kwa kinywa, kwa pua au kwa ngozi, huharibu kazi ya mwili kwa nguvu yake chenyewe. Hakihitaji adui, wala chuki, wala maneno ya siri. Mtoto mdogo asiye na adui hata mmoja akinywa petroli ya taa, atadhurika.

Tazama jinsi mambo yalivyochanganyika. Kwa jirani zetu wa Burundi, kuroga ni kumpa mtu sumu, na uburozi ni sumu na uchawi pamoja. Katika Kiswahili kuroga ni kufanya uchawi. Ndiyo sababu tukisikia "sumu" hatuulizi, "Ni kitu gani?" Twauliza, "Ni nani?"

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mna habari ya mtu aliyechuma matunda ya mwitu wakati wa njaa, akayatia chunguni bila kuyajua. Wenzake walipoonja walitambua hatari, wakapiga kelele. Hakuna aliyetafuta mchawi. Yule mtu hakuwa adui, hakujua tu.

Sisi pia tuna chungu cha namna ile. Muhogo mchungu una sumu iitwayo sianidi. Mama zetu walijua kuiondoa: muhogo hulowekwa siku 3 au 4, kisha huanikwa juani mpaka ukauke kabisa. Lakini wakati wa vita na njaa watu huharakisha. Mwaka 1938 munganga Trolli aliandika habari za ugonjwa uliopooza miguu ya watu wa Kwango, upande wa magharibi wa Kongo. Wenyeji waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Hata katika Kivu ya Kusini umeonekana. Mtoto aliyetembea jana, leo hawezi kusimama, na miguu yake haitakuwa tena kama zamani. Kumtafuta mlozi hakutamsaidia. Kuloweka vema muhogo wa ndugu zake kutawaokoa wao.

Sasa tuangalie upande wa pili. Sokoni twanunua "dawa ya panya" na "dawa ya mbu". Katika bonde la Ruzizi, huko Sange na Luvungi, mkulima hununua "dawa ya nyanya". Kwa nini twaziita dawa? Dawa ni neno la kuponya. Mtoto amefundishwa na mama yake ya kuwa dawa humezwa. Akiikuta katika chupa ya Fanta chini ya kitanda, ataogopa nini? Na baba anayekoroga "dawa" kwa mkono mtupu, kisha akala bugali bila kunawa, ataogopa nini?

Nyingi katika hizo dawa za wadudu huharibu kazi ya mishipa ya fahamu. Mate na machozi hutoka sana, jasho hutiririka, mboni za macho huwa ndogo, misuli hutetemeka, na mwisho pumzi hukatika. Munganga anayo atropini ya kupigana na sumu hiyo, lakini mgonjwa lazima afike upesi, na munganga lazima aambiwe kweli. Basi tuite "sumu ya wadudu" na "sumu ya panya". Jina la kweli ni ulinzi wa kwanza.

Mtu atasema, "Lakini hata klorini ya maji ni sumu." Munganga Paracelsus, aliyekufa mwaka 1541, alifundisha ya kuwa kipimo ndicho kinachotenga sumu na dawa. Klorini nyingi huunguza koo. Klorini iliyopimwa huua wadudu wa kipindupindu ndani ya maji, wala haimdhuru anywaye. Kipindupindu kilipoingia Paris mwaka 1832, watu walidhani vyakula na vinywaji vimetiwa sumu. Waliwaua watu wasio na hatia, na kipindupindu kikaendelea kuua.

Na yule anayekohoa na kukonda? Mara nyingi ana kifua kikuu. Vijidudu vyake vilijulikana tangu mwaka 1882, kwa kazi ya Robert Koch. Vidonge vyake humezwa kwa kawaida miezi 6, na mgonjwa hupona. Lakini akipelekwa kwanza kwa mfumu ili "atapishwe sumu", miezi inapita, mbuzi wanauzwa, na watoto wanaolala naye wanaambukizwa. SIDA, maradhi ya ini na vidonda vya tumbo pia huitwa sumu. Na mjane wa jirani, aliyeleta sahani ya ndagala kwa upendo, anapigwa au kufukuzwa.

Hatusemi ya kuwa hakuna mtu aliyepata kumpa mwenzake sumu. Wako waliofanya hivyo. Lakini kutambua ugonjwa ni kazi ya munganga, na kuhukumu ni kazi ya mahakama.

Basi, wapendwa, shikeni haya:

1. Sumu ikae katika chombo chake chenyewe, juu, mahali pa kufungwa. Isitiwe katika chupa ya kinywaji.

2. Mtu akinywa petroli au maji ya betri, msimtapishe. Msimpe maziwa wala mawese. Mleteni hospitalini upesi, pamoja na chupa yenyewe.

3. Sumu ya wadudu ikimwagika mwilini, vueni nguo, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, kisha mleteni.

4. Anayekohoa majuma mawili au zaidi apimwe makohozi.

Siku nyingine mtu akikuambia, "Ni sumu," usiulize, "Nani?" Uliza, "Sumu gani? Iliingia kwa njia gani? Amepimwa wapi?" Akikosa majibu, mchukue mgonjwa wako, uje naye hospitalini.