Majani Makavu si Takataka



Kila asubuhi nyua zetu hufagiwa, majani makavu hukusanywa na kutiwa moto. Kisha twaenda dukani kununua mbolea. Nasi tulifanya hivyo kwa miaka mingi, mpaka mchicha wetu ukadumaa na udongo ukawa mgumu kama sakafu.

Tunathubutu kusema kwamba huo ni ufujaji. Majivu hubakiza madini kiasi, lakini naitrojeni hupotea na moshi, wala hayabaki majani ya kuoza na kuusaidia udongo ushike maji. Basi chimbeni shimo kivulini. Pangeni tabaka la majani makavu, tabaka la maganda na mabaki ya mboga, kisha samadi kidogo. Nyunyizeni maji, funikeni, geuzeni kila baada ya wiki 2. Baada ya miezi 3 au 4 mtapata mboji nyeusi isiyonuka. Majani mengine yatandazeni kuzunguka nyanya, mbali kidogo na shina, ili unyevu udumu wakati wa kiangazi.

Uwanja mweupe hupendeza macho, lakini haulishi watoto. Ardhi ni amana, tuirudishie ilichotupatia. Wiki hii ufagio ufanye kazi yake, kiberiti kipumzike.