Upinde Mmoja, Kazi Mbili

Mtu asomaye noti za muziki huona mara nyingi mstari mwembamba uliopindika kama upinde, ukiunga noti na noti. Upinde huo una kazi mbili zilizo mbalimbali kabisa. Mwimbaji asiyezipambanua huweza kuwa na sauti nzuri, na huku anaharibu maneno ya wimbo.

Kazi ya kwanza ni kurefusha. Upinde ukiunga noti mbili zinazofuatana zilizo za sauti ile ile, noti hizo zimekuwa moja. Ya pili haiimbwi upya, bali ya kwanza huendelezwa mpaka mapigo ya zote mbili yamekwisha. Chukua wimbo wenye mapigo 4 katika kila kipimo. Sauti ya mapigo 2 ikianza katika pigo la 4, mstari ugawao vipimo huikatiza. Kwa hiyo huandikwa noti mbili za pigo moja moja, kila upande wa mstari noti moja, kisha hufungwa kwa upinde. Vivyo hivyo sauti ya mapigo 5: noti ya mapigo 4 hufungwa pamoja na noti ya pigo 1.

Kazi ya pili ni kutiririsha. Upinde ukiunga noti za sauti mbalimbali, kila noti husikika, lakini hapana kukata kati yake. Mpiga fidla huzipiga kwa mvuto mmoja wa uta. Mpiga filimbi hazikati kwa ulimi. Mwimbaji huzipitisha zote katika silabi moja.

Waliojifunza solfa, ambayo Mwingereza John Curwen (1816–1880) aliieneza, huzijua kazi hizi kwa alama mbili: kistari kirefushacho sauti, na mstari uliopigwa chini ya noti ziimbwazo kwa silabi moja. Taabu huanza wahamiapo kwenye noti za mistari mitano, ambako alama zote mbili zina umbo moja. Dawa yake ni kutazama vichwa vya noti, si upinde. Vikiwa mahali pamoja, shikilia. Vikipanda au kushuka, tiririsha.

Katika Kiswahili jambo hili si dogo, kwa maana vokali mbili zifuatanazo ni silabi mbili. Mwimbaji akiianza upya noti iliyofungwa penye neno "alikufa", wasikilizaji watasikia "alikufaa", na habari ya msiba itageuka kuwa habari ya msaada. Naye mwenye kunakili wimbo akifunga noti mbili za sauti moja penye "alikufaa", amemwua mtu aliyetenda mema.

Mwalimu wa kwaya atiaye maneno ya Kiswahili katika wimbo wa kigeni hana budi kuukagua kila upinde. Mara nyingi noti zilizotiririshwa kwa silabi moja katika lugha ya kwanza huhitaji silabi mbili katika Kiswahili. Hapo upinde na uondolewe. Kisha kwaya isome maneno kwa kufuata mapigo, kabla ya kuimba. Neno likisikika geni masikioni katika kusoma, kosa lipo katika karatasi, nalo hurekebishwa kwa kalamu kabla halijazoeleka vinywani.