Nywele Si Kofia

Ukitazama video za katuni zinazotengenezwa hapa Kakuma, utamkuta mama mmoja yule yule. Anachota maji, ananawa mikono, anampeleka mtoto kliniki, na kichwani amefunga kitambaa. Kitambaa sina ugomvi nacho, mama zetu wanafunga. Lakini mimi nakaa kwenye chumba ambamo huyo mama anatengenezwa, nikisaidia wanafunzi kwenye mashine, na najua kwa nini amefungwa: nywele zimewashinda. Asipofungwa anapewa kofia, yaani nusu mpira mweusi uliobandikwa kichwani kama sufuria iliyofunikwa. Binti yake anapewa sufuria ndogo. Mwalimu anasema, "Inatosha, songeni mbele."

Mimi nasema haitoshi, na nasema kama fundi.

Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000. Hakuna anayezichonga moja moja, kwa hiyo mafundi wa 3D walitafuta njia za mkato. Iliyozoeleka kwenye michezo ya kompyuta ni vipande bapa kama utepe, kila kimoja kimepakwa picha ya nywele nyingi, vinapangwa tabaka juu ya tabaka na kuning'inia. Safi kabisa, kwa nywele zinazoning'inia. Zetu zinapanda, zinajikunja, zinashikana. Njia ya mkato ya wenzetu kwetu imekuwa ukuta, na masomo mengi ya bure ya kwenye intaneti yanaishia palepale.

Na msidhani haya ni malalamiko ya mkimbizi. Mwaka 2020 Theodore Kim, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale aliyewahi kufanya kazi Pixar, aliandika katika jarida la Scientific American kwamba hesabu za kutengeneza binadamu wa kompyuta zilijengwa juu ya ngozi na nywele za Wazungu. Mwaka 2024 yeye, A.M. Darke wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, na wenzao walitoa utafiti juu ya nywele za kipilipili. Waliandika, kwa mfano, jinsi unywele unavyoweza kugeuza upande wa kujizungusha ukiwa katikati ya safari. Mwaka 2024! Vidole vya msusi yeyote wa hapa sokoni vinalijua hilo tangu alipokuwa mtoto.

Basi mtazameni huyo msusi. Yeye haoni "nywele", anaona sehemu. Anachukua kitana cha mkia, anapasua njia, anagawa. Kila tuta lina mwanzo wake kwenye paji, linaanza jembamba, linaokota nywele kadiri linavyokwenda, linamalizikia kisogoni. Kila rasta ina kijisanduku chake cha ngozi. Hivyo hivyo ndivyo nywele za mhusika wa 3D zinavyotakiwa kujengwa, na Blender, ambayo ni programu ya bure, inaweza kila kitu hapo. Unaanza na ngozi ya kichwa, na njia zinaonekana kwa rangi ya ngozi. Juu yake unachora mstari uliopinda kwa kila tuta. Kisha unachonga kipande kimoja tu cha msuko, pale nyuzi tatu zinapopishana, na programu yenyewe inakirudia kipande hicho kufuata mstari hadi mwisho. Kipande kimoja kinazaa matuta tisa.

Halafu mifupa, na hapa ndipo watu wanapoogopa bure. Matuta yamelala kichwani, kwa hiyo yanafuata mfupa wa kichwa peke yake. Mikia inayoning'inia ndiyo inayohitaji mnyororo wa mifupa yake, mitatu au minne, na shina la kila mkia linatii kichwa moja kwa moja. Sehemu moja ikiachwa bila kufungwa kwenye mfupa, mhusika anageuka na rasta yake inabaki hewani, darasa zima linacheka mpaka jenereta inazima. Kila sehemu pia ipewe jina la kueleweka, "tuta la tatu kushoto", badala ya zile namba ambazo programu inajibandikia. Mkifanya hivyo, kesho mnaweza kumfumua mhusika na kumsuka upya bila kugusa uso wake. Kofia haifumuliki.

Naambiwa mashine zetu ni dhaifu. Ni kweli, laptopu ni za zamani na sola ina siku zake. Lakini kinachoiua mashine ni kuotesha nywele moja moja kwa maelfu, na hilo hakuna aliyeliomba. Kipande kinachorudiwa hakilifanyi faili liwe zito kiasi cha kutisha, na mhusika akiwa mbali na kamera unapunguza sura za kipande chenyewe, basi.

Naambiwa pia, na hili linanikera zaidi, kwamba ujumbe ni kunawa mikono, si nywele. Sawa. Mbona katika video ileile bomba lina skrubu zake? Mbona mfanyakazi wa shirika amevaa kizibao chenye mifuko minne, na nembo inasomeka vizuri mgongoni? Muda wa nembo ulipatikana. Ndugu zangu wa mashirika, sisemi kwa ubaya, ila watoto wa bloku yetu hawakumbuki nembo. Wanamkumbuka yule binti, na wamempa jina: Kichwa-mpira.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani kwenye ripoti. Muhula uliopita wasichana wanane waliambiwa kila mmoja atengeneze mhusika anayemtaka. Sita walileta wasichana wenye nywele zilizonyooka mpaka kiunoni. Msikimbilie kusema wanajichukia. Mmoja nilimuuliza, akanijibu, "Hizi zilikuwa tayari, kaka." Alipakua alichokikuta. A.M. Darke ameanzisha maktaba ya bure ya nywele za watu weusi, na wanafunzi waonyeshwe hiyo kuanzia siku ya kwanza. Lakini nywele za kufunga kwa uzi kama walivyosukwa bibi zetu, mabutu, twende kilioni, nani atazichonga kama si hawa wanane?

Na nani atawafundisha? Mwalimu wa kompyuta anatoka mjini, analipiwa usafiri, chumba na chakula. Anajua programu vizuri, hilo simnyang'anyi. Kupasua njia hajui. Anayejua yuko hatua mia mbili kutoka darasani, amekaa kwenye kigoda, na mnapomhitaji mnampiga picha na kumpa soda. Nataka msusi aingizwe kwenye bajeti ya kozi kama mwalimu, kwa siku, kwa kiwango kilichoandikwa. Asiitwe mgeni mwalikwa wala mshiriki wa jamii.

Darasa ninalosaidia linafunguliwa tena Jumatatu. Nimemwomba mama anayesukia nyuma ya soko aje na kitana chake. Amekubali, ila ameuliza atalipwa na nani. Nimemwambia swali lake nitaliandika hapa.