Kimya cha Mfanyakazi Si Mtandao Uliokatika

Mwaka jana nilifanya staji ya tafsiri katika shirika moja lisilo la kiserikali. Siku tatu kwa wiki tulifika biro, siku mbili tulifanya kazi nyumbani. Mkubwa wetu aliishi mji mwingine, akituongoza kwa simu na kompyuta. Staji ilipokaribia kuisha, alimwita kila mmoja wetu kwenye kamera ili kuzungumza juu ya maendeleo yake ya kazi.

Aliniuliza kwa Kifaransa: baada ya miaka mitano unajiona wapi? Nikanyamaza. Kwetu, mdogo akiulizwa jambo zito na mkubwa, harukii jibu. Kimya chake ni heshima, tena ni nafasi ya kupima maneno. Baada ya sekunde chache mkubwa akasema: « Allô? Unanisikia? » Nilimsikia vizuri. Nikatoa haraka jibu la vitabuni, akaliandika, tukaagana. Kwamba nilitaka kubaki katika tafsiri ya lugha zetu, sikusema.

Maoni yangu ni haya: mazungumzo juu ya kesho ya mfanyakazi yafanyike ana kwa ana, siku ya biro, kwa lugha anayoichagua yeye.

Sisi wa isimu tunajua sababu. Mwaka 1923 Malinowski alionyesha kwamba kuna maneno ambayo kazi yake si kutoa habari bali kuunga watu. Habari za nyumbani? Watoto? Mama anaendeleaje? Mega zikiwa ghali, hayo ndiyo hukatwa kwanza. Lakini kwetu ndiyo mlango: asiyepita hapo hasikii la moyoni.

Kuna pia kiambishi kidogo, « tu- ». Mama mmoja wa hesabu aliandaa ripoti nzima peke yake. Alipoulizwa mafanikio yake, alijibu kwa Kifaransa alichokifikiri kwa Kiswahili: tulijitahidi. Kwetu hiyo ni adabu, maana anayejisifu huchekwa. Mkubwa alielewa kwamba kazi ilikuwa ya wengine. Mama alinionyesha karatasi yake: imeandikwa kwamba hana moyo wa kuanzisha jambo. Karatasi hiyo ndiyo itakayosomwa siku ya kupandisha watu vyeo.

Wengine watasema Kifaransa ndicho lugha rasmi, na safari ni ghali. Ni kweli. Lakini ibara ya kwanza ya Katiba ya 2006 inayotaja Kifaransa inataja pia Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Ciluba kuwa lugha za taifa, na inaitaka serikali izikuze bila ubaguzi. Na safari moja kwa mwaka si nyingi kwa jambo linaloamua maisha ya mtu.

Safari ikishindikana, kuna njia. Mkubwa atume maswali siku mbili kabla. Akubali majibu kwa ujumbe wa sauti, ambao humrudishia mfanyakazi muda wa kufikiri. Aanze kwa kusema kazi gani aliiona na nani aliifanya, ili mtu asilazimike kujisifu. Amalize kwa ahadi moja yenye tarehe, iliyoandikwa.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika biro za leo msemo huu umekuwa mkali zaidi: aliye nyumbani haonekani, na asiyeonekana husahaulika. Kwa hiyo mkubwa aweke daftari la kazi za kila mmoja, asitegemee nyuso anazozikumbuka.

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tutaingia biro hizo kama watafsiri, na baadhi tutakuwa wakubwa. Siku tutakapokaa upande wa pili wa kamera na aliye mbele yetu akanyamaza, tuhesabu kwanza hadi kumi. Huenda anatafuta namna ya kutuambia ukweli.