MAARIFA YA NYUMBANI: Kuikimbiza Kompyuta Kupita Kiwango



Ndugu wasomaji, vijana wetu wa Mayfair na Fordsburg wanaohariri video za harusi na kuchora ramani za majengo hutuuliza: je, yafaa kuilazimisha kompyuta ya kazi iende mbio kuliko ilivyokadiriwa na mtengenezaji? Suala hili lina pande mbili: faida na amana.

Kila prosesa hufuata mapigo ya saa yake. Mtengenezaji huyawekea kiwango kwa tahadhari, hivyo baadhi huweza zaidi. Mfano mashuhuri ni Celeron 300A ya Intel, ya mwaka 1998: iliuzwa kwa megahezi 300, na wengi waliiendesha kwa 450. Hiyo ni nyongeza ya nusu nzima bila kulipia prosesa ya ghali.

Zama hizo zimepita. Prosesa za leo hujiongezea mwendo zenyewe joto linaporuhusu, na kilichobaki cha kuchuma ni haba. Tena nyingi za aina ya Xeon, zilizoundwa kwa kompyuta za kazi, zimefungwa makusudi zisiongezwe.

Gharama nayo si ndogo. Matumizi ya umeme hupanda kwa kadiri ya mwendo na kwa mraba wa volti. Ukizidisha mwendo kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, umeme wa prosesa huzidi kwa takriban asilimia 33, nao wote hugeuka joto. Johannesburg iko kiasi cha mita 1,750 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na feni ileile huondoa joto pungufu kuliko ingefanya ufuoni.

Hatari kubwa si kuungua, bali kosa la kimya: kompyuta haizimiki, lakini hukosea hesabu moja, na faili ya mteja ikaharibika usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi. Waranti nayo yaweza kupotea.

Kwa hiyo, mwenye kutegemea kompyuta moja kwa riziki yake asiiguse. Na atazame kwanza kazi yake inasubiri nini. Mara nyingi kuongeza kumbukumbu, kuweka diski ya SSD na kufuta vumbi kwenye feni humfaa zaidi. Anayetaka kujifunza, na atumie kompyuta ya akiba, aongeze kidogo kidogo, na aijaribu kwa saa nyingi.

Imebaki amana. Miaka ya 1990 walikuwako wafanyabiashara waliofuta alama za prosesa na kuandika mwendo mkubwa zaidi. Sote twajua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji uliofichwa chini, akamkemea muuzaji. Basi auzaye kompyuta aliyoikimbiza kupita kiwango amwambie mnunuzi kabla ya kupokea fedha.

Wabillahi tawfiq.